Chumba Kisicho na Mvua

Shambani, mvua moja kubwa ya alasiri inaweza kuupunguza utitiri mwekundu kuliko pampu kadhaa za dawa. Matone huung'oa majanini, unyevu unaobaki huamsha kuvu inayouambukiza, na jua likirudi, wadudu walao wenzao humalizia uliosalia. Ndiyo maana mkulima wa nyanya wa Ilula au wa Mwea huulalamikia wakati wa kiangazi, na masika ikishika hausikiki sana.

Sasa chukua mmea uuingize kwenye chumba kisicho na dirisha. Uwashie taa saa 18 kwa siku, washa feni, joto liwe nyuzi 26, hewa iwe kavu kidogo. Mmea utastawi. Utitiri ukishaingia utastawi zaidi, kwa sababu umeupa chakula na joto lisilobadilika, kisha ukawafungia nje wote wanaoula. Milango miwili, chujio la hewa, glavu na makoti meupe huonekana kama ngome ya mmea. Kwa mdudu mmoja aliyepenya, ngome ni yake. Wakulima wa ndani wamelijua hili kwa gharama, na hakuna zao lililowafunza kwa ukali kama bangi.

Niseme mapema ninazungumzia nani. Kwa Tanzania na Kenya, kulima bangi ni kosa la jinai, na sura hii haimshauri mtu kulivunja jiwe hilo kwa kichwa chake. Wakulima ninaowafuatilia ni wale wenye leseni, hasa wa Colorado nchini Marekani na wa Kanada, wanaolipa kodi na kukaguliwa kama wenye viwanda. Lakini tatizo lao si geni kwetu. Waridi la Naivasha hukaa chini ya plastiki, na utitiri wake ni huohuo.

Maduka ya Colorado yalianza kumuuzia bangi mtu mzima yeyote tarehe 1 Januari 2014. Sheria ya jimbo iliruhusu, sheria ya shirikisho iliendelea kukataza, na katikati ya sheria hizo mbili palibaki pengo ambalo wadudu walilipenda. Nchini Marekani kila kiuatilifu husajiliwa na wakala wa serikali ya shirikisho wa kulinda mazingira, na lebo yake hutaja mazao kinayoruhusiwa kutumika. Wakala hauwezi kusajili dawa kwa ajili ya zao ambalo serikali yake hiyohiyo inalihesabu haramu. Kwa hiyo mkulima aliyetii sheria ya jimbo alisimama mbele ya majani yenye madoa akiwa hana chupa hata moja yenye jina la zao lake. Wengine walichukua dawa za maua ya mapambo wakapulizia usiku. Mwaka 2015 maofisa wa Denver walizuia maelfu ya mimea, na Novemba mwaka huo gavana John Hickenlooper alitoa amri iliyotangaza kuwa bangi yenye mabaki ya viuatilifu visivyoruhusiwa ni hatari kwa usalama wa umma.

Kwa nini hofu iwe kubwa kiasi hicho, ilhali tunakula nyanya zilizopuliziwa kila siku? Nyanya huoshwa, wengine huimenya, kisha tumbo na ini huishughulikia. Ua la bangi halioshwi. Hukaushwa, huwashwa moto, na moshi wake huenda moja kwa moja kwenye mapafu. Moto nao hubadilisha kemikali. Maiklobutanili, dawa ya ukungu inayotumika kihalali kwenye zabibu na stroberi, ikipashwa joto kali huvunjika na kutoa sianidi ya hidrojeni. Mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017, kampuni kadhaa za Kanada zilizokuwa zikiwauzia wagonjwa zililazimika kurudisha bidhaa baada ya dawa hiyo kuonekana kwenye vipimo. Kanada ilihalalisha matumizi ya watu wazima tarehe 17 Oktoba 2018, na tangu Januari 2019 kila mwenye leseni hupima mavuno yake kutafuta mabaki ya viambata zaidi ya 90. Mashine za maabara husoma kiasi kidogo mno, hivi kwamba dawa iliyopuliziwa mmea mama miezi iliyopita huweza kuonekana kwenye ua la mtoto wake.

Mkulima akabaki na swali ambalo mabwana shamba wengi wa kizazi cha DDT hawakuwahi kuulizwa: ukinyang'anywa pampu, utafanya nini?

Kwanza amjue anayepambana naye. Utitiri mwekundu, Tetranychus urticae, una miguu minane, hivyo kwa wataalamu ni ndugu wa buibui na kupe. Mmoja ana urefu wa nusu milimita. Hukaa chini ya jani, hutoboa seli moja baada ya nyingine na kufyonza kijani chake, na kutoka juu huonekana vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Utando wa hariri huja baadaye, na anayesubiri utando ndipo ashtuke amechelewa. Jike hutaga mayai takriban 100. Katika joto la chumba cha taa, yai hufika utu uzima kwa siku kumi hivi, na likizidi joto hilo siku hupungua. Zaidi ya hayo, jike ambaye hajapandwa hutaga mayai pia, nayo huanguliwa madume tu. Akikaa, hupandwa na mwanawe, na kuanzia hapo huzaa majike. Mmoja aliyeshuka kwenye mkono wa koti anatosha.

Piga hesabu ya karatasini. Jike mmoja, mayai 100, robo tatu yawe majike: 75. Kila mmoja wao afanye hivyohivyo: 5,625. Mara nyingine tena: zaidi ya 420,000, na mwezi mmoja umepita kwa siku chache tu. Bila shaka wengi hufa njiani, lakini mwelekeo ni huo, kama riba ya mkopo wa mtaani. Wiki mbili za kwanza huoni kitu cha kukutisha, na ukija kuona, deni limeshakushinda.

Dawa nazo zimemzoea, au tuseme yeye amezizoea. Duniani hakuna kiumbe wa jamii ya wadudu na buibui aliyeripotiwa kuwa na usugu dhidi ya viambata vingi kuliko yeye, vimepita 90. Mwaka 2011 wanasayansi walipochapisha ramani ya jeni zake walikuta ghala la jeni za kuvunjavunja sumu, baadhi zikiwa zimechukuliwa zamani kutoka kwa bakteria na kuvu. Anakula zaidi ya aina 1,000 za mimea, na kila mmea una sumu yake ya kujilinda. Kiumbe aliyelelewa kwenye meza ya namna hiyo hatatishwa na chupa mpya ya dukani.

Jibu lilikuwepo miaka mingi kabla ya bangi kuingia vyumbani, likasahauliwa, likagunduliwa upya. Mwaka 1926 mkulima mmoja wa nyanya wa Elstree, kaskazini mwa London, aliona kitu kisicho cha kawaida kwenye kitalu nyumba chake cha vioo. Watoto wa inzi weupe, ambao kwa desturi huwa weupe wamejibandika chini ya jani, baadhi yao walikuwa weusi. Badala ya kuchoma majani hayo aliyapeleka kituo cha utafiti cha Cheshunt. Huko mtaalamu wa wadudu, Speyer, aliyahifadhi na kusubiri, na kutoka kwenye maganda meusi wakatoka nyigu wadogo kuliko punje ya mchanga. Ni Encarsia formosa. Jike wake hutaga ndani ya mtoto wa inzi mweupe, na buu lake humla mwenyeji akiwa hai. Kufikia mwaka 1930 Cheshunt kilikuwa kikigawa nyigu milioni moja na nusu kwa mwaka kwa mamia ya bustani za Uingereza, na kuwatuma hadi Kanada na Australia. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaisha, DDT ikaja kwa bei rahisi, na kazi ikasimama. Miaka 20 baadaye wadudu walikuwa wamepata usugu na wakulima walikuwa wakikohoa.

Mmoja wa waliokuwa wakiumwa ni Jan Koppert, mkulima wa matango wa Berkel en Rodenrijs nchini Uholanzi. Dawa zilimdhuru afya, na utitiri haukufa. Bahati yake ni kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 mtafiti Mjerumani, Dosse, alikuta kwenye maua ya okidi yaliyotoka Chile utitiri wa aina nyingine, mwekundu wa chungwa, mwenye mwili wa umbo la pea na mbio zisizotulia. Haukuwa ukila okidi. Ulikuwa ukila utitiri. Mwaka 1967 Koppert aliutumia kwenye matango yake, ukamfaa, akaanza kuwauzia majirani. Leo kampuni yenye jina lake husafirisha wadudu duniani kote, na mwindaji yule, Phytoseiulus persimilis, huuzwa kwa chupa kama bidhaa nyingine yoyote ya shamba.

Mwindaji huyu anastahili aya yake. Hana macho. Hula utitiri wa jamii ya buibui tu. Ukiisha, naye hufa njaa au huondoka. Kwa siku hula watu wazima watano hivi au mayai hata 20, na katika joto la wastani hukua kwa kasi karibu mara mbili ya windo lake. Je, kipofu anaupataje utitiri kwenye chumba chenye mimea elfu? Katika miaka ya 1980, watafiti wa Uholanzi, Maurice Sabelis na Marcel Dicke wakiwa mstari wa mbele, walionyesha kuwa jani la maharage likiumwa na utitiri hutoa mchanganyiko wa harufu ambao jani lililokatwa kwa mkasi halitoi, na mwindaji hufuata harufu hiyo. Nikikiri upendeleo, kati ya yote yaliyogunduliwa kuhusu wadudu wa mazao hili ndilo linalonifurahisha zaidi.

Naivasha huyu mwindaji ana kazi ya kudumu. Maua ya Kenya huuzwa Ulaya, na wanunuzi wa Ulaya huuliza mabaki ya dawa. Wakati huohuo utitiri wa waridi ulishakuwa sugu. Mwaka 2001 ilianzishwa huko kampuni ya Dudutech, inayofuga wadudu marafiki kwa ajili ya mashamba. Ufugaji wenyewe ni wa ngazi tatu: unapanda maharage, unayaambukiza utitiri kwa makusudi, kisha unaachilia wawindaji waule, na wao ndio mavuno. Thika nako kampuni ya Real IPM huzalisha kuvu iliyotokana na utafiti wa icipe, kituo cha sayansi ya wadudu alichokianzisha Thomas Odhiambo jijini Nairobi mwaka 1970. Kijana wa Nakuru aliyesomea kuachilia wawindaji kwenye waridi angehitaji wiki chache tu kuzoea chumba cha bangi cha Ontario, Kanada.

Wiki hizo chache zingekuwa za kujifunza mambo matatu ambayo waridi halina.

La kwanza ni unyevunyevu. Phytoseiulus huhitaji hewa yenye unyevu wa asilimia 60 na zaidi. Hewa ikikauka mayai yake husinyaa. Mmea wa bangi ukiwa bado unakua majani, hewa ya namna hiyo haimdhuru mtu. Lakini ukipunguziwa mwanga hadi saa 12 na kuanza kutoa maua, mkulima huikausha hewa makusudi, kwa sababu maua mazito yenye unyevu huoza kwa ukungu wa kijivu kutoka ndani kwenda nje. Ukimhurumia mwindaji unapoteza maua, na ukiyahurumia maua mwindaji anakufa. Hakuna ujanja wa kupita katikati. Kinachobaki ni kuumaliza utitiri kabla ya taa kubadilishwa, na kumwachia ulinzi wa baadaye ndugu yake mvumilivu, Neoseiulus californicus, anayestahimili ukavu na njaa ingawa mdomo wake ni mzito.

La pili ni chavua. Kwenye pilipili hoho, wawindaji wengi huishi kwa chavua siku ambazo windo ni haba, hivyo huweza kuwekwa mapema wakasubiri. Chumba cha bangi ni cha mimea jike mitupu. Dume likionekana hung'olewa, kwa kuwa ua likichavushwa hutoa mbegu na bei huanguka. Hakuna chavua, hakuna akiba. Ndiyo maana utaona kwenye matawi vifuko vidogo vya karatasi vinavyoning'inia. Ndani yake mna pumba, ndani ya pumba mna utitiri wa ghalani usioweza kula mmea, na mwindaji huula huo, huzaana, na kutoka kidogokidogo kupitia tundu kwa wiki kadhaa. Wengine huweka kando sufuria za pilipili za mapambo zinazochanua muda wote, ziwe mgahawa wa kunguni-windaji wa jamii ya Orius.

La tatu ni utomvu. Ua la bangi lina vinywele vyenye matone ya gundi, na ndiyo mali yenyewe inayouzwa. Vinamnasa mwindaji wa milimita moja vilevile. Chini ya jani pana anatembea. Ndani ya ua anakwama. Tena mzoga wa rafiki na mzoga wa adui, kwa mnunuzi, vyote ni uchafu.

Mambo haya matatu yanasema kitu kimoja: vita huamuliwa wiki za mwanzo, wakati chumba kinaonekana kisafi. Mkulima anayenunua chupa ya wawindaji 2,000 baada ya kuona utando amenunua mazishi. Mwenye uzoefu huwaachilia siku ambayo hajaona kitu, na mhasibu wake humuuliza kwa nini analipia askari wa nchi isiyo na vita. Mabishano hayo nimeyasikia Naivasha pia.

Utitiri hauko peke yake, ingawa ndio unaovunja moyo. Thiripi, wembamba kama kipande cha uzi, hukwangua jani likabaki na michirizi ya fedha na vitone vyeusi vya kinyesi. Wengi wao ni Frankliniella occidentalis, mwenyeji wa magharibi mwa Amerika Kaskazini aliyesambaa dunia nzima kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa kufuata biashara ya mimea na maua. Hubadilika kuwa wakubwa udongoni, kwa hiyo wanaowindwa majanini tu hurudi. Panahitajika mwindaji wa juu na mwindaji wa chini. Vidukari huzaa watoto hai, tena watoto wenye mimba tayari, na huingia ndani ya ua mahali ambapo nyigu hawafiki.

Vijinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu ni dalili ya mkono mzito wa kumwagilia. Mabuu yake hula kuvu na vinywele vya mizizi kwenye udongo usiokauka. Kausha tabaka la juu na nusu ya kazi imekwisha. Nusu nyingine hufanywa na nematodi, Steinernema feltiae, wanaomwagwa na maji na kuwaingia mabuu, au na bakteria aina ya Bacillus thuringiensis israelensis, aliyegunduliwa jangwani Negev mwaka 1976. Msomaji wa Pwani huenda ameshamsikia bila kumjua: ndiye huzalishwa kwenye kiwanda cha Kibaha kwa ajili ya mabuu ya mbu. Vijinzi hivi na mbu ni wa ukoo mmoja mpana, na tumbo la buu la mbu na la kijinzi huharibiwa na sumu ileile.

Sabuni na mafuta ya mwarobaini? Vinafanya kazi kwenye mmea mchanga, vikifika chini ya jani, kwa sababu huua kinachoguswa tu. Juu ya ua havifai. Mafuta hubaki, na ladha hubaki nayo. Mauzo ya mwarobaini kwenye maduka ya bustani hutegemea zaidi matumaini kuliko kipimo.

Kilichobaki ni kazi isiyo na sifa: kukagua. Mtu mmoja, lenzi ya kukuza mara kumi, jani la chini, la kati na la juu, kwenye mimea iliyowekewa alama, kila wiki, na daftari. Kadi za gundi za njano na za buluu hunasa vyenye mabawa. Utitiri hauna mabawa, kwa hiyo kadi safi haithibitishi lolote juu yake. Mkaguzi huanza chumba cha miche na kumalizia chumba kinachoshukiwa, wala harudi nyuma siku hiyo. Vipandikizi vinavyotoka nje huwekwa kando wiki mbili au tatu kabla ya kuchanganywa na vingine, maana wengi wa wadudu hawa hawakuingia kwa mlango wala dirisha. Walinunuliwa, wakapokelewa kwa risiti.

Na yupo mmoja ambaye mpango wote huu haumtoshi. Aculops cannabicola ana urefu wa robo ya milimita kasoro, miguu minne, rangi ya maziwa yaliyoungua; lenzi ya mara kumi inampita. Jani hujikunja kingo kwa juu, shina hupata rangi ya kutu, na wengi hudhani ni upungufu wa mbolea, wakaongeza mbolea. Wawindaji humla kidogo, lakini hawaendi naye sambamba. Salfa humuua mmea ukiwa na majani tu, na huwadhuru wawindaji pia. Akipatikana kwenye mimea iliyoanza kuchanua, mkulima makini hukata mmea na majirani zake wote wanaogusana nao, na mfuko hufungwa humohumo chumbani kabla haujapita mlangoni.